Amerudisha, Hajatoa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wa redio na wa lililokuwa gazeti, Mheshimiwa uliyeketi mstari wa mbele, na ninyi mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo, maana mji huu umezoea kusimama, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja.

Mnayosomewa na binti wa marehemu yameandikwa na dada wa marehemu, aliyemtangulia marehemu kuzaliwa kwa miaka mitano, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari la mistari, kwa sababu katika ukoo mzima ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka mwanzo, na elimu yake ni ya darasa la saba, hivyo atakayesikia kosa alisahihishe moyoni na akae kimya. Kamati ya mazishi ilimwomba mambo matatu, kwamba historia iwe fupi, kwamba isiguse siasa, na kwamba katika sehemu ya shukrani neno moja liandikwe kama linavyoandikwa kila mahali, yaani kwamba Mheshimiwa ametoa mahema na viti. Kwa hayo mawili ya kwanza dada amejitahidi kadiri ya uwezo wake. Hilo la tatu tutalifikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 11 Juni 1956, saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho, mwembamba kama ufito, lakini sauti yake ya kwanza ilimfanya baba aache randa juu ya meza aje kuuliza ni watoto wangapi wamezaliwa. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha baadaye, na ndiyo iliyomnyima chakula, na yote mawili tutayaeleza.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, hakuwa hodari wa hesabu na hakuna haja ya kusema uongo mbele ya jeneza, ila kusoma kwa sauti hakuna aliyemfikia, hata mwalimu mkuu alimpa kazi ya kusoma majina ya wachelewaji kila asubuhi, naye akayasoma yote, pamoja na la mwalimu mkuu mwenyewe siku alipochelewa, akachapwa viboko vinne. Mama yake alimuuliza, "Sasa wewe mwana, hukuona kwamba hilo la mkubwa unaliruka?" naye akajibu kwamba lilikuwa limeandikwa.

Akiwa darasa la tano, mwaka 1968, mji ulijenga ukumbi, huo ulio mwisho wa barabara hii, na baba yao akapewa kazi ya kutengeneza viti mia moja na ishirini, vya mbao, vya mgongo ulionyooka, na kila nyumba ilichangia, mwenye mbao alileta mbao, mwenye misumari alileta misumari, asiyekuwa na kitu alikuja kushika ncha nyingine ya msumeno. Marehemu alipiga msasa miguu ya viti hivyo mpaka vidole vikatoka damu, na dada yake, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa na kazi moja tu, kupasha msumari moto mpaka uwe mwekundu, kukipindua kila kiti, na kukichoma chini ya kalio alama mbili ndogo zilizolala pamoja kama punje mbili za mchele. Baba alisema, "Weka alama, mwanangu, watu wa mji huu nawajua, mtu akiazima kiti mwezi mmoja, wa pili anakuambia ni cha marehemu bibi yake." Viti vilipokwisha vilipangwa ukumbini, na kwa miaka ishirini na sita mji huu ulifanya mikutano yake ukiwa umeketi.

Marehemu aliendelea na sekondari ya kutwa tangu 1971 hadi 1974, na tarehe 2 Januari 1976 aliajiriwa na redio ya mji kwa kazi ya kupanga kanda kwenye rafu, akawa anazipanga huku akisoma maandishi ya migongoni mwake kwa sauti, mpaka mkuu wa kituo, aliyekuwa chumba cha pili akidhani redio imewashwa, akaja kuangalia. Mwaka 1979 akapewa kusoma matangazo, vifo, mikutano, ng'ombe waliopotea, na mwaka 1983 akapandishwa kusoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, katika kile chumba kidogo chenye magunia ukutani ya kuzuia mwangwi, kiti kimoja, na karatasi ya onyo isemayo usikohoe.

Kabla ya kupandishwa alikwisha kuoa, na ndoa hiyo aliipata kazini. Mwanamke mmoja fundi cherehani alikuja dirishani kwa matangazo, macho mekundu, cherehani yake imeibwa, anataka isomwe. Marehemu aliisoma siku tatu mfululizo, si kwa hasira, aliisoma kama mtu anayeongea na mwizi jikoni, akasema cherehani hii ni ya mguu, nyeusi, ina mkwaruzo upande wa kushoto, mwenyewe anaishonea familia ya watu sita, aliyeichukua anaombwa airudishe tu, hakuna atakayemuuliza. Asubuhi ya siku ya nne fundi alifungua mlango akaikuta imesimama barazani, imepakwa mafuta. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu, binti huyu anayesoma, ambaye ni mwalimu, na wadogo zake wawili wa kiume, mmoja fundi bomba na mwingine dereva, na wajukuu saba. Tunaisimulia cherehani kwa sababu moja, kwamba tangu siku ile marehemu aliamini kabisa kwamba mtu akisemeshwa vizuri hurudisha, na hakuna aliyeweza kumtoa imani hiyo, ingawa wengi tulijaribu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1994, lori lilisimama mbele ya ukumbi, likapakia viti vyote mia na ishirini, na karatasi ikaletwa redioni kutoka ofisi ya mwenyekiti wa halmashauri, ambaye kwa wakati huo alikuwa ni huyu huyu Mheshimiwa, ikisema viti vya ukumbi vimepelekwa kupakwa rangi na vitarudi baada ya wiki mbili. Marehemu aliisoma kwa sauti yake nzuri. Wiki mbili zikapita, ukawa mwezi, ukawa mwaka, watu wakauliza mara mbili, mara ya tatu wakaona haya kuuliza, wakaanza kuja mikutanoni na mikeka, na mwishoni wakawa wanasimama tu na kusema kusimama ni afya. Lakini marehemu hakusahau, kwa kuwa kila alipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kumtania, "Bwana redio, rangi haijakauka?" wote wanacheka, naye anacheka, halafu akifika kwa dada yake anashika kikombe chake mpaka chai inapoa. Siku moja alisema, "Dada, wao walichukua viti, lakini aliyesema vitarudi ni mimi." Dada akamwambia aache kujibebesha mizigo ya watu. Hilo ni kosa la kwanza la dada katika historia hii, la pili linakuja.

Tarehe 6 Agosti 1998, taarifa ya saa moja, karatasi mbele yake iliandikwa kwamba Mheshimiwa ametoa mabati mia tatu kwa shule ya msingi. Sasa mabati hayo, mwaka mmoja nyuma, marehemu huyo huyo alikuwa amesoma kwamba yamenunuliwa kwa ajili ya shule hiyo, kisha yakapotea njiani kana kwamba yalikuwa na miguu. Akafungua mdomo, akasoma kwamba Mheshimiwa amerudisha mabati mia tatu. Mpaka leo hatujui kama ulimi uliteleza au ulitumwa, tulimuuliza mara nyingi, akawa anasema hata yeye angependa kujua. Mkuu wa kituo alimwita, jasho linamtoka, akamwagiza asahihishe saa saba mchana, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kukataa agizo, alisahihisha hivi, na wengine wenu mliisikia: "Katika taarifa yetu ya asubuhi tulisema Mheshimiwa amerudisha mabati. Tunaombwa tuseme ametoa."

Mji ulicheka wiki nzima. Watoto shuleni wakinyang'anyana kalamu wakawa wanasema, "Nakutolea kalamu yako," na wake wakipewa hela ya matumizi na waume zao wakawa wanauliza, "Umetoa au umerudisha?" Basi naye akaona neno limekubalika, akalishika. Gari la wagonjwa likaja, akasema limerudi. Madawati yakaja, akasema yamerudi. Hakumtukana mtu, hakuongeza neno, alibadilisha kitenzi tu.

Na hapa ndipo kicheko kilipoisha, kwa sababu ilianza kuonekana kwamba ikiwa vitu vinarudi, basi kuna mahali vilikokuwa, na sisi sote tulikuwa tunajua, na kujua kwa kimya ni raha kuliko kujua kwa redio. Mheshimiwa hakumgusa, hilo tuliseme kwa haki, hakumpigia simu wala hakumtumia mtu. Sisi ndio tuliomgusa. Iliandikwa barua ya wasikilizaji, tarehe 2 Novemba 1998, ikiwa na sahihi mia mbili na kumi na nne, ikiomba msomaji huyu aondolewe kwa kuwa anamvunjia heshima mfadhili wetu, na maneno yaliyosemwa wakati inapitishwa nyumba kwa nyumba yalikuwa haya, kwamba Mheshimiwa huyu hata akila anatukumbuka, wenzake wanakula na kufunga mlango, kwamba tukimkasirisha atapeleka kwingine, na kwamba mtu mwenyewe anatusalimia kwa majina. Mwenye duka alitia sahihi, muuza mkaa alitia, mwalimu wa shule iliyopokea mabati alitia. Sahihi ya kumi na tisa ni ya dada wa marehemu, ambaye mwanawe alikuwa amepata kazi ya ulinzi wa ghala kwa mkono wa Mheshimiwa, na ambaye hatatafuta sababu nyingine ya kuipamba.

Marehemu aliachishwa kazi tarehe 30 Novemba mwaka huo, akaonyeshwa barua, akaisoma yote mpaka sahihi ya mwisho. Jioni ile alikuja kwa dada yake kama kawaida, akaketi, akaomba sukari kidogo zaidi, akanywa, na alipokuwa anaondoka akasema, "Mwandiko wako dada haujabadilika tangu darasa la tano." Hakulirudia tena maisha yake yote. Heri angegombana.

Kuanzia Januari 1999 aliweka ubao mweusi nje ya chumba cha ushonaji cha mkewe, akaugawa kwa mstari, upande mmoja aliandika Vimerudi, upande wa pili aliandika Bado, na aliuandika kwa ile chaki bapa ya kushonea, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Wateja wa mkewe walipungua, wengine walikuja kwa mlango wa nyuma, na mmoja, mwanamke mzito wa hapa mtaani ambaye leo amelia kuliko wote, alimwambia, "Shoga, mwambie mumeo afute, tutakosa nguo za sikukuu." Mke akamjibu huku pini ziko mdomoni, "Mimi nakata, yeye anaandika, kila mtu na chaki yake, inua mkono nipime." Ubao ulifutwa na watu mara nyingi, ukamwagiwa maji, mara moja ukaibwa, naye akaandika kwenye mlango kwamba ubao upo kwenye orodha ya Bado. Ulirudishwa. Mstari wa kwanza wa upande wa Bado, kwa miaka yote hiyo, haukubadilika, ulikuwa ni Viti, mia na ishirini.

Mwaka 2004 gazeti dogo la kila wiki lilimpa nafasi ya upana wa vidole vinne, ukurasa wa sita, chini ya matangazo ya kupangisha vyumba, akaandika humo orodha yake kwa miaka tisa, na watu walilinunua, walianzia kusoma ukurasa wa sita, kisha wakalifungia maandazi kabla mtu hajawaona. Gazeti halikufungwa na yeyote, lilinyimwa matangazo tu, moja baada ya jingine, likakonda, likafa mwezi Machi 2013, na mhariri wake sasa anauza vifaa vya umeme na yupo hapa. Marehemu akarudi kwenye ubao. Mwaka 2016 alikutana na Mheshimiwa uso kwa uso mlangoni mwa benki, Mheshimiwa akamshika mkono kwa uchangamfu, akamwambia, "Fundi wa maneno, mpaka leo hujanisamehe?" naye akasema, "Mheshimiwa, mimi sidai msamaha, nadai viti." Wakacheka wote wawili, wakaulizana habari za watoto, wakaachana.

Mwezi Mei 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, akapelekwa hospitali, daktari akasema moyo umepanuka, dada akauliza ulikuwa mdogo lini, daktari hakucheka, kwa hiyo tukajua ni jambo zito. Alitumia dawa kwa uaminifu, alipunguza chumvi, alikataa kupunguza maneno. Asubuhi ya tarehe 7 Februari mwaka huu, 2024, alizidiwa, likaitwa gari la wagonjwa, lile lenye picha ya Mheshimiwa mlangoni, akalazwa ndani, kinyago cha hewa kikiwa usoni, na muuguzi anatuambia kwamba alikisogeza kidogo akauliza, "Hili lilirudi mwaka gani vile?" Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 9 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu na dada akiwa amemshika mkono, akiwa na miaka sitini na saba, na miezi minane kasoro siku mbili. Hakuacha wosia. Aliacha ubao.

Sasa ni shukrani. Familia inamshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule mfupi aliyemnyoa ndevu bila kuombwa. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na kukaa nasi, pamoja na wale mliotia sahihi, maana mlikuja wote, na nyumba hii haina mtu wa kumfungia mlango, dada mwenyewe akiwa wa kumi na tisa. Tunawashukuru wafanyakazi wa redio kwa kutangaza msiba huu kwa utulivu na kwa sauti ya kueleweka, marehemu angesahihisha mahali pamoja tu.

Tunamshukuru Mheshimiwa kwa mahema mawili. Kuhusu viti, ukurasa huu kamati haikuuona, kwa sababu uliandikwa baada ya wao kuondoka. Jana saa tisa alasiri dereva wa Mheshimiwa alileta viti, akaeleza kwa adabu kwamba vile vya plastiki vinavyokuja misibani siku zote vimekwenda harusini, hivyo amechukua hivi vya mbao vilivyokuwa ndani kabisa ya stoo, vyeupe, vyenye jina la Mheshimiwa mgongoni. Dada akakipindua kimoja apanguse buibui. Chini ya kalio, chini ya rangi, kidole chake kilikuta punje mbili za mchele. Akapindua cha pili. Akavipindua vyote, kimoja kimoja, pamoja na mjane, na kila kimoja kilikuwa nazo, na anaijua kazi ya mkono wake, maana aliyechoma alama hizo ndiye aliyeandika haya. Kwa hiyo tuwe wakweli, karatasi ile ya mwaka 1994 haikudanganya, kweli vilipelekwa kupakwa rangi, na rangi imeshika vizuri.

Anayetaka kuhakiki apeleke mkono chini ya alipokaa, taratibu, bila kusukumana. Mheshimiwa naye anakaribishwa.

Tukitoka makaburini lori lisipakie. Kila aliyeketi tunamwomba ashike kiti chake, akibebe mpaka ukumbini, ni mwendo wa hatua mia mbili, funguo anazo mjane, na mliosimama wasaidieni wazee. Familia haitoi hotuba, haidai kitu kingine, na haimtukani mtu. Inabadilisha kitenzi tu. Tunamshukuru Mheshimiwa kwa kurudisha viti.

Ubao wa leo umeandikwa na dada, kwa chaki ya kushonea, mwandiko ni ule ule wa darasa la tano. Vimerudi, viti tisini na saba. Bado, viti ishirini na tatu.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu. Ulisema vitarudi.